Zahanati ya Mheshimiwa Javan

Mliosoma wiki iliyopita mnajua tulimwacha wapi Mheshimiwa Javan Owidi. Tulimwacha magotini.

Ndiyo, magotini. Mbunge wetu mzima, suti ya kijivu, tai nyekundu, viatu vya Nairobi, na magoti yake mawili yamezama kwenye mavi ya kuku mbele ya kibanda cha mke wake wa kwanza, Filister. Mke huyo, Javan hajamjulia hali tangu bendera ya Uhuru ilipopandishwa.

Na nyinyi mliofungia dagaa wa omena gazeti la wiki iliyopita kabla ya kulisoma, ngoja niwaambie kwa kifupi ni nini kilichompigisha magoti mtu mkubwa namna hiyo.

Ni swali tu. Elijah Obiero, anayetaka kumng'oa Javan kwenye kiti, amelizunguka jimbo hili kuanzia ukanda wa ziwa mpaka soko la ng'ombe la Ogwedhi, na mikutano yake haifanyii uwanjani. Anaifanyia mahali pale pale ambapo Mheshimiwa aliliambia Bunge kwamba amejenga kitu. Mkutano wa kwanza aliufanyia darajani, yaani watu walisimama ndani ya mto, maji yakiwafika mapajani. Wa pili aliufanyia zahanatini, yaani kwenye nyasi tupu, na mbuzi mmoja alimlia kofia akiwa katikati ya hotuba. Watu walicheka mpaka wakashikana mbavu.

Halafu akafika Ogwedhi. Mbele ya Wajaluo, Wakuria na Wamaasai waliokuja kuuza ng'ombe, akauliza: "Nionyesheni lango la mbunge wenu. Nyumbani kwake ni wapi?"

Lango hakuna. Mheshimiwa ana nyumba ya kupanga Nairobi, na kwa marehemu baba yake ana kibanda cha ujana ambacho mchwa walishakimaliza. Kwa Mjaluo, mwanamume wa umri wake ambaye hajatoka kwa baba yake akafungua boma lake mwenyewe, lile tunaloliita dala, ni mtoto mwenye ndevu tu.

Na jimbo lenyewe si la kuchezea. Uchaguzi uliopita Javan alishinda kwa kura chache mno, waliompa ushindi wangeenea kwenye lori moja na nafasi ya mbuzi ikabaki. Ziwa linavuta huku, Ogwedhi inavuta kule. Ukipoteza kijiji kimoja umekwisha.

Basi Mheshimiwa akatangaza kwamba Jumamosi anafungua dala yake, karibuni wote, nyama ipo. Alikuwa amepanga kuifungua na Pauline, mke wake wa pili, binti wa Kikuria aliyemwoa kwa mapenzi makubwa ya kura za Ogwedhi. Lakini baba yake mdogo, Mzee Odero, aliposikia hivyo alicheka mpaka akakohoa.

"Utafungua dala na mke wa pili, na mikayi yuko hai?" mzee alimwuliza. "Unataka kutuzika sisi sote?"

Mikayi ndiye mke mkubwa. Ndiye anayebeba moto kutoka boma la zamani, ndiye anayeingia kwanza kwenye nyumba mpya, na ndiye anayelala humo usiku wa kwanza. Bila yeye hakuna dala. Kuna banda tu lenye majani.

Ndiyo maana ya magoti.

"Simama," Filister alimwambia. "Unaharibu suruali."

"Sisimami mpaka unijibu, min Otieno," alisema, yaani mama Otieno.

"Leo mimi ni min Otieno? Tulipokutana sokoni Homa Bay, ulimwambia yule mgeni wako mimi ni nani?"

Mheshimiwa alikohoa.

"Sema. Ulimwambia mimi ni nani?"

"Nilisema... nilisema ni mama anayeniuzia samaki."

"Na mgeni wako akanunua," Filister alisema. "Nikampimia vizuri. Sasa unataka nini kwa muuza samaki?"

Mheshimiwa alieleza. Alieleza kwa Kijaluo, kisha kwa Kiswahili, kisha, ilipoonekana mambo bado magumu, kwa Kiingereza, lugha ambayo Filister haijui na ambayo kuku walionekana kuielewa zaidi. Filister alimsikiliza mpaka mwisho. Kukataa kulikuwa mdomoni mwake, kumeiva.

Hapo mwanawe wa kwanza akatoka nyuma ya kibanda. Otieno ni kijana mkubwa, seremala, mikono yake haikosi vumbi la mbao.

"Mama, usikatae," alisema.

"Wewe pia?"

"Sisemi kwa sababu yake. Nilipopeleka posa, wale wazee waliniuliza lango la baba yangu liko wapi. Nikawaonyesha lango la babu. Wakanywa chai yetu wakaondoka. Huyu asipofungua dala, mimi nitajenga wapi? Na wewe mwenyewe, utazeekea katika boma la mama mkwe wako?"

Filister alikitazama kibanda chake. Amekaa miaka yote hiyo kwenye boma la watu, akipika kwenye jiko la watu, akiombea chumvi. Anaitaka nyumba yake. Msidhani haitaki. Mwanamke huyu aliota nyumba yake mwenyewe tangu siku alipovushwa kutoka kisiwa cha Mfangano kuja kuolewa.

"Umechagua wapi?" alimwuliza mumewe.

"Juu kidogo ya barabara, upande huu huu wa mto. Mahali pazuri sana."

"Nitabeba moto," Filister alisema. "Si kwa ajili yako. Sasa toka hapo, kuku wanataka kulala."

Jumamosi ikafika, na mbingu zimekunja uso tangu asubuhi.

Peugeot ya Mheshimiwa ilifika mtoni ikasimama. Daraja lile aliloliambia Bunge kwamba magari yanapita usiku na mchana lilikuwa bado halijaonekana. Ikabidi aitwe Maroa, mfanyabiashara wa ng'ombe wa Ogwedhi, ambaye pia ni kaka yake Pauline. Maroa alifunga maksai wake wanne mbele ya gari, akaingia majini, akageuka kumtazama shemeji yake aliyekuwa ameketi ndani, miguu juu ya kiti.

"Shemeji, mimi nauliza tu. Sasa hivi tunapita kwa daraja ama tunapita kwa maji?"

"Imechelewa kidogo," Mheshimiwa alisema. "Serikali iko na mpango."

"Hiyo mpango iko na maji mingi sana."

Pauline, kiti cha nyuma, hakucheka. Tumbo lake lilikuwa limefika mwisho, na kila maksai walipovuta alijishika kiuno na kufumba macho. Alikuwa amemwambia mumewe tangu Nairobi kwamba siku zake zimekaribia. Mumewe alimjibu kwamba watu wa Ogwedhi lazima wamwone binti yao. Kwa hiyo akapakiwa garini pamoja na kreti za soda.

Juu ya kilima mambo yalikuwa yamepamba moto. Vijana walikuwa wamejenga nyumba ya udongo tangu alfajiri, wameshaiezeka, na Otieno mwenyewe aliuchonga mlango. Fahali wawili walikuwa kwenye sufuria. Wazee wa ziwani na wazee wa Ogwedhi walikuwa wamekaa upande ambako upepo unaleta harufu. Hata Elijah Obiero alikuwepo, amesimama nje ya uzio na wafuasi wake, maana hakuna anayefukuzwa siku ya kufungua dala. Huyu bwana ana hotuba ndefu kuliko barabara ya Migori, lakini siku hiyo mdomo ulikuwa umefungwa. Angeuacha wazi, angeonekana anaitamani nyama.

Mheshimiwa akashuka garini akapewa jogoo. Desturi inataka mwenye boma abebe jogoo mwenyewe. Jogoo yule hakuwa na chama. Alimchafua Mheshimiwa kuanzia tai mpaka mfuko wa koti, watu wakatazama kando kwa heshima.

"Wanakuja! Wanakuja!"

Mzee Odero mbele na fimbo yake. Otieno nyuma yake na shoka begani. Halafu Filister, kwa miguu kutoka boma la zamani, kigae cha moto mikononi na jamvi lake la kulalia limekunjwa kwapani. Wanawake wakapiga vigelegele. Filister alipanda kilima akitabasamu. Ndiyo, alikuwa anatabasamu. Alikuwa anakwenda nyumbani kwake.

Alipofika juu, tabasamu likamtoka.

Pembeni ya nyumba mpya kulikuwa na rundo la mawe ya mtoni, mviringo, yameota kuvu. Filister aliyajua mawe yale. Yalipita juu ya kichwa chake.

Mwaka ule wa Uhuru, kila nyumba ilitoa mtu wa kuyabeba kutoka mtoni. Wanawake walipanda kilima hiki mistari mistari, mawe vichwani, jirani yao mmoja, Jerusha, akiongoza wimbo mbele, kwa sababu mbunge mpya, kijana mzuri, msomi, aliwaambia: leteni mawe, mimi nitaleta zahanati. Waliyaleta. Yeye hakuleta hata msumari. Na Jerusha, mwimbaji yule, alishikwa na uchungu wa kuzaa msimu mmoja wa mvua, akabebwa kitandani kupelekwa Homa Bay, akafa kabla ya kufika mtoni. Mtoto naye.

Sasa uwanja ule ulikuwa na nyumba ya mbunge juu yake.

Na hapa naomba niseme neno, mhariri akitaka alikate. Kila mtu aliyekuwa pale alijua. Wazee walijua, maana wao ndio waliotoa ardhi ile. Vijana waliokanyaga udongo walijua. Wote walijua na wote walinyamaza, kwa sababu sufuria zilikuwa zinachemka. Ninawadharau, na mimi mwenyewe nina jamaa zangu mle.

"Ingia, mikayi," Mzee Odero alisema. "Moto unapoa."

Filister hakusogea. "Baba, nikilala hapa usiku wa leo, kesho uwanja huu ni wa nani?"

Mzee Odero ana mapungufu yake, lakini kwa mambo ya desturi hasemi uongo. "Ni wa mume wako," alisema. "Na wa watoto wake, na wa watoto wao. Dala ikishafunguliwa haihamishwi. Hata nyumba ikianguka, mahali ni pao."

"Na zahanati?"

Mzee akatazama fimbo yake.

Mheshimiwa alisogea karibu na mkewe, jogoo kifuani. "Zahanati tutaweka pengine," alinong'ona. "Ardhi ni kubwa."

"Uliliambia Bunge iko hapa."

"Bunge haitembei huku, min Otieno! Ingia, watu wanatuangalia."

Kutoka upande wa uzio Elijah Obiero alipata ulimi wake ghafla. "Mama, kataa! Geuka tu, rudi nyumbani."

Filister akamgeukia. "Nyumbani wapi, Elijah?"

Elijah alirekebisha kofia yake, ile yenye alama za meno ya mbuzi.

"Wewe ukipata kiti utalala Nairobi kama huyu. Mimi nitalala wapi? Unataka nikose nyumba ndiyo wewe upate kura. Nyamaza."

Akarudi nyuma ya wafuasi wake. Kwa mara ya kwanza tangu kampeni zianze, alimtii mtu.

"Mama." Sasa alikuwa Otieno, sauti chini. "Mama, tafadhali. Ingia."

Hilo ndilo lililomwuma. Mume wake angemwacha kwenye jua mpaka jioni asingetikisika. Lakini mtoto huyu hajawahi kumwomba kitu. Filister alitazama ule mlango mpya uliochongwa vizuri, akatazama mawe, akatazama mlango tena. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

Halafu akaweka kigae cha moto juu ya rundo la mawe. Akakunjua jamvi lake, hakulikunjua ndani, alilikunjua nje, chini, mbele ya mlango. Akalala chali.

"Uwi! Ameanguka!" mtu alipiga kelele.

"Sijaanguka," Filister alisema kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Mimi ni mgonjwa. Mheshimiwa aliliambia Bunge hapa pana zahanati. Namngoja daktari."

Kisha bibi kizee mmoja wa ziwani akaiweka sahani yake chini, akaja polepole, akakaa nyuma ya Filister. "Mimi ni miguu," alisema. "Miguu inawaka moto."

Mama mmoja mwenye mtoto wa kukohoa akaja akakaa nyuma ya bibi. Akaja mwingine na jicho. Akaja mwingine hana ugonjwa wowote unaojulikana, mfupa wa nyama bado mkononi, lakini alikaa na uso wa huzuni kabisa. Foleni ikaanza kuzunguka nyumba. Wale wale waliokuwa wakila sasa walikuwa wagonjwa mahututi. Msidhani ni ushujaa. Walishashiba.

"Na mimi iko na jino!" Maroa alipaza sauti, akaenda kukaa mwisho wa foleni, akishika shavu. "Daktari iko wapi? Mheshimiwa, ita daktari!"

Kicheko kilianza upande wa Ogwedhi kikavuka mpaka upande wa ziwa, na kwa mara ya kwanza tangu jimbo hili lichorwe pande zote mbili zilikubaliana jambo. Mtu mwenye masikio angesikia kura zikihama. Mheshimiwa anayo masikio. Jogoo alimponyoka akakimbilia chini ya gari.

"Nyamazeni!" alifoka. "Hii ni boma ya mtu! Pauline! Pauline, shuka, kuja uchukue huo moto!"

Mzee Odero alipiga fimbo chini. "Javan! Usithubutu!"

"Yule ni mke wangu pia!"

"Ukimtuma huyo atangulie, mimi naondoka hapa na sitakuja hata matangani kwako."

Lakini Pauline alikuwa ameshashuka. Alipita kando ya foleni, mkono mmoja kwenye kiuno, hamtazami mtu. Alifika kwenye rundo la mawe, akainama kuchukua kigae.

Hakuinuka.

"Javan," alisema. "Javan, maji."

"Maji gani? Mpeni maji!"

"Si ya kunywa."

Wanawake waliokuwa karibu walitazama chini, kwenye viatu vyake, wakaelewa. Foleni ikavunjika. Filister ndiye aliyefika wa kwanza kutoka pale kwenye jamvi, akamdaka kabla hajaanguka, na Pauline akaushika mkono wake kwa kucha zote.

"Gari!" Mheshimiwa alipiga kelele. "Geuza gari! Twende Homa Bay!"

Na mvua, iliyokuwa imengoja kwa adabu tangu asubuhi, ikaanza.

Maroa alikuwa ameshakimbia kwenda kutazama mto. Aliporudi, shavu hakulishika tena. Maji yalikuwa yamemfika kifuani alipojaribu kuvuka, na nguo zilimganda mwilini.

"Mto imejaa. Imetoka juu huko, imeleta mpaka miti. Maksai yangu ikiingia, inakufa." Alimshika shemeji yake kwa tai, ile tai yenye mavi ya jogoo. "Sasa mimi nauliza tena, na leo sicheki. Daraja iko wapi?"

"Shemeji, tulia..."

"Dada yangu atapita wapi? Sema! Uliambia Bunge iko. Uliambia baba yangu iko, siku ile umekuja kuchukua huyu msichana. Nionyeshe hiyo daraja tumpitishe!"

Mheshimiwa Javan Owidi aligeuza shingo. Alitazama mtoni, akatazama kilimani, akatazama nyuma ya nyumba. Nawaapia, nusura nimhurumie. Alikuwa anaitafuta zahanati.

Pauline alipiga yowe. Mvua ilizidi.

"Ndani!" wanawake walisema. "Mpelekeni ndani! Mtoto ameshuka!"

Paa lilikuwa moja tu kilima kizima, lile jipya. Wanawake wawili walimshika Pauline miguu, lakini hakuachia mkono wa Filister. "Dada mkubwa, usiniache," alikuwa anasema. "Dada mkubwa, hawa siwajui, usiniache."

"Sikuachi," Filister alisema.

Maji ya moto yalihitajika, na moto ulikuwa mmoja. Mafiga yote ya nje yalikuwa yameshazimika, nyama zinaogelea kwenye sufuria. Kigae kilichokuwa juu ya mawe ndicho pekee kilichobaki na uhai, na matone yalianza kukizima. Filister alikinyakua kwa mkono wake ulio huru, akakifunika kwa upande wa leso yake, akaelekea mlangoni.

"Mikayi!" Mzee Odero alilia. "Mikayi, simama! Ukivuka mlango huo na huo moto, umeifungua!"

Filister akasimama. Mguu mmoja ulikuwa karibu na kizingiti.

Alikuwa amesahau. Katika yowe lile lote alisahau kabisa. Akiingia na moto, akakesha humo na mzazi usiku huu, desturi yote imetimia. Uwanja ni wa Javan, na watoto wa Javan, na watoto wao. Asipoingia, msichana huyu atazalia kwenye matope, na huenda akafia humo.

Aligeuza kichwa kumtazama mumewe, kwa sababu mume ni mume, na mke wake wa pili alikuwa analia kwa uchungu wa mtoto wake.

Mheshimiwa alikuwa anatabasamu.

Halikuwa tabasamu kubwa. Alikuwa amelificha kidogo, na alikuwa ananyoosha koti. Lakini Filister ameishi na uso ule, anaujua.

"Ingia, min Otieno," Mheshimiwa alisema, sauti laini, sauti ya redioni. "Ingia haraka. Huoni mwenzako anateseka?"

Wapenzi wasomaji, nimeandika wezi katika hadithi hii. Nimeandika mlevi aliyeuza jembe la mama yake. Sijawahi kumdharau mtu kama ninavyomdharau huyu anayenyoosha koti kwenye mvua.

Filister alivuta pumzi. "Otieno," alisema, macho bado kwa mumewe. "Leta shoka."

Kijana alikuja, ameloa.

"Vunja mlango. Vunja na ukuta wa mbele mpaka ule mhimili. Acha paa tu."

"Mama?"

"Banda lisilo na mlango si nyumba ya mtu. Nikilala chini yake sijafungua dala. Nimelala chini ya banda, kama mtu aliyekwepa mvua sokoni. Baba, nimekosea?"

Mzee Odero alifikiri, maji yakimtiririka kwenye ndevu. "Hujakosea," alisema. "Bila mlango hakuna nyumba."

Tabasamu la Mheshimiwa lilikufa pale pale.

"Otieno!" alifoka. "Ukigusa huo mlango, wewe huna baba! Huna lango mpaka ufe! Hao wazee wa msichana wako utawaonyesha nini? Utamwoa umpeleke wapi, chini ya mti?"

Otieno alisimama katikati, shoka mkononi. Kulia baba yake. Kushoto mama yake na moto unaokufa chini ya leso. Kwenye mikono ya wanawake, Pauline alipiga yowe lingine, refu, na Maroa akafunika uso.

"Wewe ni mtoto wangu wa kwanza," Javan alisema, sasa akibembeleza. "Hii nyumba ni yako kesho. Weka shoka chini, baba."

Otieno aliutazama mlango. Aliuchonga kwa mikono yake asubuhi ile, akausugua mpaka ukang'aa, akipiga mluzi, akimfikiria msichana atakayeufungua.

Akainua shoka.